Kongamano la Kazi Linauzwa Bei Gani Ukitokea Katogota

Kila mwaka, kuanzia Nairobi hadi San Diego, wasimamizi wa rasilimali watu hukusanyika kwenye kumbi zenye viyoyozi ili waelezwe kazi itakuwaje kesho. Tangazo huja kwa WhatsApp: sura za watoa mada, tarehe, jina la hoteli, na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, bei. Bei hiyo ni ya kiti. Anayelisoma tangazo akiwa Westlands, Nairobi, anaweza kuichukua ilivyo, akaongeza nauli ya teksi tu. Anayelisoma akiwa Katogota, kati ya Luvungi na Kamanyola kwenye bonde la Ruzizi mashariki ya Kongo, hesabu yake inaanzia pale tangazo linapoishia.

Na wasomaji wa namna hiyo wapo. Bonde la Ruzizi lina vijana wengi waliosomea utawala Bukavu au Uvira, wakaajiriwa na shirika la misaada au kampuni ndogo, wakakabidhiwa mafaili ya wafanyakazi na kuanzia siku hiyo wakaitwa RH, kifupi cha Kifaransa cha rasilimali watu, na kila mtu ofisini. Swali lao ni lilelile. Mtu ameweka akiba kwenye AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani, amefikisha tuseme dola 500. Aende kongamano? Asome mtandaoni? Afanye mtihani wa cheti cha kimataifa? Au angoje semina ya bure ya Uvira?

Nimekaa kwenye kumbi hizo vya kutosha kuwa na maoni, na ninayatoa mapema. Hotuba ndiyo bidhaa ya bei ya chini kuliko zote zinazouzwa pale. Kinachouzwa ghali ni watu unaokutana nao koridoni wakati wa chai. Na ukitokea Katogota, kinachokumaliza mfuko ni barabara.

Tuanze na la mbali ili tulimalize haraka. SHRM, chama cha Marekani kilichoanza mwaka 1948, ndicho chenye mkutano mkubwa zaidi wa fani hii. Wa 2024 ulifanyika Chicago, wa 2025 San Diego. Kiti peke yake hupita dola 2,000. Ombi la viza ya Marekani ni dola 185, na hazirudi hata ukinyimwa. Mahojiano ya viza ni Kinshasa, upande wa pili wa nchi, na uwanja wa ndege wa Kavumu ambao ungekurahisishia safari uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Kama mwajiri analipa kila kitu, nenda, utaona mambo. Kama ni akiba yako, geuza ukurasa.

Nairobi ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu inaonekana karibu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka 2023 Kenya ikaondoa viza kwa Wakongomani. Hilo ni punguzo la kweli. Pasipoti nayo imeshuka: iliwahi kuuzwa dola 185, mwaka 2020 ikawa 99, na ile mpya ya 2025 ikatangazwa kwa dola 75. Ongeza kadi ya manjano ya chanjo, ambayo watu huikumbuka wakiwa tayari mpakani.

Sasa shika njia. Kutoka Katogota unateremka barabara ya taifa namba 5 hadi Uvira, kwa pikipiki au kwa gari dogo la abiria. Barabara hiyohiyo ndiyo ambayo mstari wa vita umekuwa ukipanda na kushuka tangu mwanzo wa 2025. Uvira yenyewe ilitekwa na M23 Desemba mwaka huo. Ukifika unalala, kwa sababu hakuna mwenye akili anayepanga kuvuka mpaka wa Kavimvira, kupita Gatumba na kuwahi ndege Bujumbura siku ileile aliyotoka bondeni. Uvira na Bujumbura zinatenganishwa na kilomita zisizofika 30, lakini Burundi imeishi miaka kadhaa na uhaba wa mafuta, na dereva wa teksi aliyenunua petroli ya magendo atakupigia hesabu ya petroli ya magendo. Rwanda, kwenye ramani, iko karibu zaidi: daraja la Kamanyola, Bugarama, umeingia njia ya Kigali. Ila Kamanyola iko chini ya M23 tangu Februari 2025, na Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo aliyekwisha kuvukia Bujumbura hawezi kukata kona kwenda Kigali kwa basi.

Kongamano ni la siku mbili au tatu. Safari nzima ni wiki. Kuna gharama hapa isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Sheria ya Kazi ya Kongo inampa mfanyakazi mtu mzima likizo isiyopungua siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliotumika. Mwaka mzima ni siku 12. Mkataba wako ukishikilia kiwango hicho cha chini, wiki ya Nairobi imekula nusu ya likizo yako. Nimeona watu wakibishana juu ya punguzo la asilimia 10 kwa wanaojiandikisha mapema, huku siku sita za likizo zikiondoka bila kuhesabiwa na yeyote.

Halafu kuna kitu ndani ya bei ya Nairobi ambacho Mkongomani hakihitaji. Kenya ina sheria ya wataalamu wa rasilimali watu tangu 2012, na chama chao, IHRM, kinasajili na kutoa leseni ya kufanya kazi hiyo. Mwenye leseni lazima akusanye pointi za kujiendeleza ili aendelee kuwa nayo, na kongamano ni mahali pa kuzikusanyia. Ndiyo maana utaona nusu ya ukumbi wakiskani kadi zao mlangoni, kisha wanatoka kupiga simu. Hawakupoteza pesa, pointi wamezipata. Wewe unayerudi Uvira, pointi hizo hazina duka linalozipokea. Umelipia kiti chenye zawadi ndani yake, na zawadi imebaki Nairobi.

Kinachobaki ni korido, na korido ya Nairobi ina raha yake. Ukumbini ni Kiingereza kitupu, tena cha haraka, na aliyesomea kwa Kifaransa tangu shule ya msingi atabaki akinakili maneno ya kwenye skrini. Chai ikifika, Kiswahili kinarudi. Hapo ndipo meneja wa kampuni ya usafirishaji anakueleza kwa lugha yako namna wanavyohesabu saa za madereva, na hapo ndipo inafaa kuwa na sababu ya kumtafuta yeye hasa. Aliyefika bila orodha ya watu anaotaka kuwaona atakula samosa, atapiga picha na bango, atarudi.

Sasa hotuba zenyewe. Mara nyingi zinajengwa juu ya ripoti chache, na ripoti hizo ni bure. Ile ya Kongamano la Uchumi Duniani ndiyo inayotajwa zaidi. Toleo la 2020 lilisema hadi 2025 kazi milioni 85 zingeondolewa na milioni 97 mpya zingezaliwa. La 2023 likageuza: hadi 2027 zitaondoka milioni 83, zitazaliwa 69. La 2025 limegeuza tena: hadi 2030 zitaondoka 92, zitazaliwa 170. Sisemi ni waongo. Dunia ilipita kwenye korona na akili mnemba katikati yake. Nasema mtu asiuze mbuzi ili akasomewe tarakimu hizi na mtu mwenye kipaza sauti, wakati faili lake linashuka kwenye simu kwa megabaiti chache.

Tarakimu inayotuhusu zaidi huwa haipati slaidi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba karibu asilimia 86 ya ajira Afrika si rasmi: hazina mkataba wala hifadhi ya jamii. Ripoti ya tume ya shirika hilo kuhusu mustakabali wa kazi, iliyoongozwa na Cyril Ramaphosa na Stefan Löfven na kutoka Januari 2019, inawagusa walio kwenye ajira hizo. Mwezi Juni mwaka huohuo Geneva ikapitisha tamko la miaka 100 ya shirika. Vyote vinapatikana bure, tena kwa Kifaransa. Lakini mtoa mada anayeuza programu ya kuajiri watu kwa kompyuta hatakaa na habari hiyo muda mrefu, kwa kuwa mteja wake hayumo humo.

Kijana mmoja anayepanga vibarua kwenye mashamba ya mpunga bondeni aliniuliza swali ambalo ningependa kulisikia jukwaani: "Yaya, hiyo marobo yenye munasemaka, itafika huku mbele ya mvua ama nyuma ya mvua?" Alikuwa anacheka, ila swali lina mantiki. Kwenye bonde hili kazi hazijaondolewa na mashine. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa mwajiri mkubwa wa eneo lote, kilisimama mwaka 1996 kwa sababu ya vita. Na miaka karibu 30 baadaye, tarehe 20 Januari 2025, sahihi moja iliwekwa Washington kusimamisha misaada ya nje, na ofisi za mashirika mashariki ya Kongo zikaanza kuandika barua za kusitisha mikataba. USAID ikafungwa rasmi Julai mosi mwaka huo. Sikumbuki kongamano hata moja lililokuwa na mada ya kuwaandaa RH kwa asubuhi ya namna hiyo.

Nani aliitwa kuandika barua hizo? RH. Na hapo ndipo ilipoonekana nani alinunua nini. Waliobeba vyeti vya "uongozi wenye wepesi" walikuwa wanauliza kwenye makundi ya WhatsApp jinsi ya kuhesabu notisi. Waliosoma Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile tunayoita Code du travail, walikuwa na jibu: mwajiri akivunja mkataba usio na kikomo bila kosa kubwa la mfanyakazi, notisi haipungui siku 14 za kazi, na kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo unaongeza siku saba. Mlinzi aliyekaa miaka sita: 14, jumlisha 42, siku 56. Mhasibu wa mwaka mmoja: 21. Na wakipunguzwa wengi kwa sababu za uchumi, kuna utaratibu wa kupitia kwa mkaguzi wa kazi kabla ya kumfukuza mtu. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake ya 2016, inapatikana bure kwenye tovuti ya Leganet. Kuichapisha na kuibana kwa spirali katika duka la fotokopi ndiyo gharama yote.

Nitakaa hapa kidogo, maana sioni ununuzi mwingine wenye faida kama huu.

Chukua daftari la vibarua, lile la mistari mikubwa lenye jalada la buluu. Kushoto majina, juu tarehe, katikati alama za vema. Mwenye shamba anaamini kwamba kwa sababu analipa kila jioni, hana mfanyakazi. Ana vibarua tu. Code inasema jambo jingine: aliyeajiriwa siku kwa siku akishatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa usio na kikomo. Hesabu alama za vema kwenye mstari mmoja. Msimu wa kupandikiza mpunga, mtu anazifikisha 22 bila hata kujua. RH anayeweza kumwonyesha mwenye ushirika daftari lake mwenyewe na kusema "Mzee, hawa wanane hapa si vibarua tena" amempa ushauri ambao hakuna mtoa mada wa kimataifa anayeweza kumpa. Mzee atakasirika kwanza. Baadaye atamwita tena, kwa sababu kesi kwa mkaguzi wa kazi ni ghali kuliko ushauri.

Hesabu za mshahara nazo ziko hivyo. Kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii uliochukua nafasi ya INSS, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huweka 13. Mshahara wa dola 200: kumi zinatoka kwa mfanyakazi, 26 kwa mwajiri. Kima cha chini kilichowekwa 2018 kilikuwa franka 7,075 kwa siku kwa kibarua wa kawaida. Mwaka 2025 kikapandishwa hadi 14,500. Kampuni ndogo zilizokuwa zikilipa kwa mazoea zilijikuta chini ya sheria usiku mmoja, na aliyewahi kuliona hilo mapema ndiye aliyeitwa kwenye mkutano wa wakubwa.

Na hapa kuna pesa ambayo mwajiri wako amekwisha kuilipa, na pengine hajui kuidai. INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi ya serikali iliyoanzishwa 1964, inaishi kwa mchango wa waajiri: kampuni binafsi yenye wafanyakazi hadi 50 hulipa asilimia 3 ya mishahara, kubwa zaidi hulipa 2 au 1. Kwenye dola 200 zile, ni dola sita kila mwezi kwa kila mtu. Wafanyakazi kumi kwa mwaka mzima, dola 720. Hiyo ni ada ya mafunzo iliyokwisha kutoka mfukoni. Kabla hujaomba ruhusa ya kwenda Nairobi, andika barua kupitia mwajiri, uliza ni kozi gani wanaweza kuwapa. Kituo chao cha Bukavu kimekuwa kigumu kufikika tangu 2025, lakini barua haina nauli kubwa, na kimya cha mdai ndicho kinachofanya mchango huo ufanane na kodi nyingine yoyote.

Tuje kwenye semina za Uvira, pale mji unapokuwa shwari. Hizi ni za bure, tena zinakulipa: ukumbi wa hoteli karibu na ziwa, orodha ya mahudhurio inayosainiwa asubuhi na jioni, Fanta, sambusa mbili, na siku ya mwisho bahasha ya perdiemu, yaani posho ya siku, na breve, yaani cheti cha kuhudhuria, yenye nembo nne juu. Wengine huzidharau. Mimi sizidharau, ila nazisoma vizuri. Mada huchaguliwa na mfadhili, na mara nyingi slaidi zimetoka nchi nyingine na bado zina jina la nchi hiyo kwenye ukurasa wa saba. Breve yenyewe haina uzito. Mwajiri wa Uvira ana droo imejaa za kwake. Faida iko kwenye meza. Wanaokaa humo ndio wanaoajiri Uvira, Fizi na bondeni kote, na jirani yako wa kushoto ndiye atakayesoma barua yako ya maombi mwezi ujao. Kwa maana ya korido, Uvira inaishinda Nairobi kwa mtu anayetafuta kazi hapahapa, na kwa bei isiyolinganishwa. Sharti ni moja, usiende kwa ajili ya bahasha. Watu wanaiona sura ya anayeuliza saa ngapi tunasaini, na wanaikumbuka.

Mtandaoni gharama ni bando, na hapo ujanja unasaidia. Mkutano wa Zoom wenye picha unaweza kula nusu giga hadi giga nzima kwa saa, na wenye watu wengi kwenye skrini unaweza kuzidi hapo. Zima picha, ubaki na sauti, na matumizi yanashuka kuwa megabaiti za kuhesabika. Bora zaidi, omba rekodi na slaidi, upakue usiku. Mamlaka ya mawasiliano iliipa Starlink kibali cha kufanya kazi Kongo Mei 2025 baada ya kuikataza mwaka mmoja kabla, na palipo na dishi moja watu wa kuchangia hawakosekani. Kwa kozi kamili, aliyesoma kwa Kifaransa atazame kwanza FUN, jukwaa la vyuo vya Ufaransa lililofunguliwa 2013: kozi nyingi ni bure, na lugha haikusumbui. HP LIFE nayo ni bure hadi cheti, na Kifaransa kipo. Coursera hulipisha, lakini ina fomu ya kuomba msaada wa ada; jaza kwa ukweli, subiri wiki kadhaa. Kasoro ya njia hii inajulikana. Unasoma peke yako, hakuna anayekujua, na kozi zinazoachwa katikati ni nyingi kuliko zinazokwisha.

Cheti cha kimataifa kiko katikati. Taasisi ya HRCI ya Marekani ina mtihani wa wanaoanza, aPHRi, usiodai uzoefu wa kazi: dola 100 za maombi na 300 za mtihani, jumla 400. Unaweza kuufanyia nyumbani ukitazamwa kwa kamera. Kwa dola 500 zetu, unaingia. Lakini ni Kiingereza, unahitaji kadi ya benki, na unahitaji umeme na intaneti visivyokatika kwa muda wote wa mtihani. Katogota hilo ni ombi kubwa, Uvira ni bahati nasibu, Bujumbura pengine. Kina muda wake pia, miaka mitatu, kisha unakihuisha kwa pesa nyingine. Namshauri anayelenga mashirika ya kimataifa na ambaye Kiingereza chake kimesimama. Kwa kazi ya ushirika wa mpunga au kampuni ya Wakongomani, hakuna atakayekuuliza.

Kwa hiyo dola 500 zangu ningezigawa hivi. Code du travail na sheria ya CNSS zilizochapishwa, pamoja na siku moja ya kumlipa mhasibu mzoefu akuonyeshe tamko halisi la CNSS na la kodi ya mshahara kwenye karatasi zake, isizidi dola 50 zote. Bando la miezi sita kwa ripoti na kozi moja tu, uimalize. Pasipoti, dola 75, hata kama huna safari, kwa kuwa nafasi ya kulipiwa ikitokea haingoji ofisi. Semina za Uvira zenye mada inayokugusa, na nauli ya kuzifikia. Kinachobaki kiwekwe. Kongamano la Nairobi au Dar es Salaam lilipiwe na mwajiri, na umwombe kwa maandishi ukitaja majina ya watu utakaowatafuta na swali utakalowauliza kila mmoja. Mwajiri akikataa orodha ya namna hiyo, angalau amejua unafanya kazi. Na akikubali, uliza waandaaji kabla hajalipa: mpaka ukifungwa, ada inarudi? Wengi wana jibu, ila hawaliandiki kwenye tangazo.

Iko njia moja ambayo watu wetu hawaitumii kabisa. Mtoa mada halipi kiti, na makongamano mengine humlipia hata tiketi na chumba. Waandaaji huomba mada miezi mingi kabla, kwa tangazo dogo ambalo halisambazwi kama lile la kuuza viti. Mwaka 2025 benki za Goma na Bukavu zilifunga milango, na bado kuna wafanyakazi waliopata mishahara yao. Kuna mtu aliyekaa na orodha ya watu waliotawanyika, mmoja kambini Rugombo, upande wa Burundi, mwingine Uvira kwa shangazi, mwingine hajulikani alipo, akatafuta namba za simu zao moja moja, akathibitisha kila jina kwa kusikiliza sauti, akatuma pesa kwa simu, kwa vipande, ili asivuke kiwango cha siku. Meneja wa Nairobi anayezungumzia ustahimilivu wa taasisi hajawahi kufanya hivyo. Ukurasa mmoja unatosha kuliomba jukwaa: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, nini hakikufaulu. Kama Kiingereza kinasumbua, andika kwa Kifaransa, mtafute wa kukutafsiria, na uulize kama unaweza kuzungumza Kiswahili. Ukumbi wa Dar es Salaam hautakuwa na shida nacho.